Maji yanaingilia wapi? Nilivyoishi na magari ya viti viwili ya paa la kukunja

Wapenzi wa magari wakikutana, swali la kwanza huwa lile lile: lipi linakimbia zaidi? Jibu lipo, ila halimsaidii mtu anayetaka kununua. Magari madogo ya viti viwili yenye paa la kukunja yanapishana sekunde chache tu kufika kilomita 100 kwa saa, na hapa Uingereza kabla hujazimaliza hizo sekunde kamera imeshakupiga picha. Swali langu mimi ni jingine: mvua ikinyesha usiku kucha, maji yanayoanguka juu ya turubai yanapita wapi kwenda chini? Ukilijibu hilo kwa kila gari, umeshajua sehemu kubwa ya maisha yenu pamoja yatakavyokuwa.

Naishi Coventry, kwetu ni Tanga. Mvua naijua tangu utoto, lakini ya huku haina adabu. Haipigi ikaisha jua likatoka. Inachuruzika tangu asubuhi hadi unasahau kuwa inanyesha. Na gari langu linalala nje, chini ya mti wa jirani. Zingatia huo mti, maana una sehemu kubwa kwenye habari hii kuliko injini yoyote.

Nimemiliki matatu kwa nyakati tofauti: Mazda MX-5, Toyota MR2 na Porsche Boxster. La nne, BMW Z4, ni la shemeji yangu wa Leicester, ila nimeliendesha sana kwa sababu kila akienda nyumbani hunikabidhi ufunguo ili betri isife. Ndugu wakiona picha hudhani nimeokota pesa. Ukweli ni kwamba yote haya ni ya zamani, yamevuka miaka 20, na yale matatu yangu nilinunua kwa pesa ambayo Dar es Salaam haikununulii Toyota IST ya maana. Huku gari kuukuu ni rahisi kulinunua. Kulitunza ndiko kunakokutoa jasho. Ukitaka kununua la wazi, nenda mwezi wa 11, siku ya baridi na ukungu, wakati mwenyewe amechoka kuliona limejikunyata uani. Ikifika mwezi wa 4, jua likichomoza siku mbili mfululizo, bei zote zimepanda.

Mazda MX-5

Kuwa na gari hili Coventry kuna utani ndani yake. Triumph Spitfire ilikuwa inaundwa hapa hapa mjini, kiwanda cha Canley. MGB ilitoka Abingdon, si mbali na Oxford. Zote mbili zilizaliwa mwaka 1962 na zote mbili zikafa mwaka 1980. Kwa hiyo kizazi kizima cha Waingereza kilibaki na mapenzi ya gari dogo la wazi, bila gari lenyewe.

Aliyeuona mwanya huo hakuwa Mwingereza. Mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alimwambia Kenichi Yamamoto, mkubwa wa utafiti wa Mazda, kwamba hakuna tena anayeunda gari la namna ile, jepesi, rahisi, la bei ya mtu wa kawaida. Hall baadaye akaajiriwa na Mazda yenyewe. Gari la majaribio likaja kuundwa Worthing, kusini mwa Uingereza, na mwezi wa 2 mwaka 1989 MX-5 ikaoneshwa kwenye maonesho ya Chicago. Mwaka 2016 ikatimia ya milioni moja. Waingereza walitoa wazo, Wamarekani wakalikumbuka, Wajapani wakalifanya lisivuje. Karibu lisivuje.

Langu lilikuwa la kizazi cha pili, kile cha 1998 hadi 2005, injini ya 1.8, gia za mkono. Kuhusu gia hizo naomba nisimamishwe nisije nikajaza ukurasa. Kijiti ni kifupi, kinasogea kidogo tu, na mkono unakikuta kama unavyokikuta kitasa cha mlango wa kwenu gizani. Gari zima lina uzito wa tani moja na ushee. Halikimbii sana. Lakini ukilipeleka kona ya kawaida, kwa mwendo wa kawaida, unajua kila tairi inafanya nini.

Paa ni la mkono: vishikizo viwili juu ya kioo, unavifyatua, unalisukuma nyuma ukiwa umekaa kitini. Kusimama kwenye taa nyekundu moja ya barabarani kunatosha. Hakuna mota, hakuna nyaya, hakuna mafuta ya haidroliki. Nilipokuwa kijana nisingeliona hilo kama sifa. Ningetaka la kubonyeza. Sasa nikiangalia gari la paa la umeme la miaka 20 naona mota moja, vihisi kadhaa na fundi mmoja anayekuja kunipigia hesabu.

Sasa tuje kwenye maji. Mvua inayoshuka nyuma ya turubai la MX-5 inadondokea kwenye mfereji wa mpira, mfereji unaipeleka kwenye matundu mawili nyuma ya viti, pale mkanda unapotokea, na kutoka hapo mirija inashusha maji hadi chini ya gari, mbele kidogo ya tairi za nyuma. Ukiinua kapeti na kupapasa kwa kidole utalikuta tundu lenyewe, na ukiwa na mti kama wa jirani yangu utalikuta limejaa: udongo mweusi, laini, uliochanganyika na vimbegu vidogo vya mti na nyuzi za turubai. Likiziba, maji hayaingii ndani moja kwa moja ukayaona. Hilo lingekuwa jambo jema. Yanafurika kimya kimya kuingia kwenye vizingiti vya chini ya milango, ambavyo ni mabomba ya bati yaliyo wazi ndani, yanakaa humo, na bati linaoza kutokea ndani kuja nje. Siku unapoona kipovu cha rangi karibu na digadi la nyuma, huko ndani kazi imeshakwisha.

Dawa yake ni uzi wa mashine ya kukatia nyasi na jagi la maji ya uvuguvugu. Unapitisha uzi taratibu, usitoboe mrija, unausokota, unauvuta na uchafu wake. Kisha unamimina maji kidogo kidogo huku umetega sikio. Ukisikia yanadondoka chini mbele ya tairi, hapo basi. Upande wa pili nao hivyo hivyo. Ni kazi ya dakika chache, na ajabu ni kwamba wenye magari haya wengi niliokutana nao hawajawahi kuifanya. Wanapiga polishi bodi.

Kizazi cha pili kina ugonjwa wa ziada mbele: zile nguzo mbili za chesisi zinazobeba injini zimewekewa bati la pili ndani kwa ajili ya kuimarisha, na kati ya mabati mawili unyevu unakaa na chumvi. Huku barabara zinamwagiwa chumvi kila baridi ili zisigande, kwa hiyo kutu haipumziki. Kuona hilo ni lazima upige jeki, uingie chini na tochi. Kwa bahati MX-5 zipo nyingi mno, spea zipo, mafundi wanaoijua wapo kila mji, na mchomeleaji mwenye uzoefu ameshazifanya nyingi hadi hakushangai ukimpelekea nyingine.

Toyota MR2

Hapa nazungumzia MR2 ya tatu na ya mwisho, ile ya wazi iliyoanza mwaka 1999. Injini haipo mbele. Imelala nyuma ya viti, mbele ya tairi za nyuma, na gari zima ni jepesi kuliko hata MX-5 yangu, chini kidogo ya tani moja kwa nguvu za farasi 138.

Msomaji wa Dar atalifahamu kwa njia nyingine. Injini yake ni 1ZZ. Ndiyo, hiyo hiyo ya Premio na Allion za 1.8, hiyo hiyo ya Wish. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, akifunuliwa kifuniko cha nyuma cha MR2 atasema hii naijua tangu zamani, halafu atauliza kwa nini imewekwa kwenye buti.

Swali lake ni la haki, kwa sababu buti hakuna. Mbele chini ya boneti kuna tairi la akiba na nafasi ya kubaki na mawazo yako. Nyuma ya viti kuna visanduku viwili vyenye mfuniko, vinavyofunguka vizuri ukisogeza kiti mbele. Mimi na mke wangu tulikuwa tukienda sokoni tunarudi yeye amepakata mchele na mimi nimebanwa na mfuko wa viazi mgongoni. Aliniambia, "Baba Asha, hili gari ni la mtu asiyekula." Sikumpinga.

Wenye 1ZZ za mwanzo wanajua kwamba injini hiyo inaweza kuzoea kula oili: ringi za pistoni zinaganda, oili inapita, moshi unatoka. Kwenye Premio hilo ni kero, unaongeza oili unaendelea na safari. Kwenye MR2 ni hatari zaidi, kwa sababu ndani ya manifodi ya moshi, karibu kabisa na silinda, kuna katalisti mbili ndogo za mwanzo, yaani vichujio vya kusafishia moshi. Oili inayoungua inaziharibu, zinameguka, na vumbi lake gumu linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kuisaga injini. Toyota ilibadilisha pistoni kwenye matoleo ya baadaye. Kwa matoleo ya mwanzo, jambo la kwanza la kuuliza ni hali ya manifodi, na la pili ni kijiti cha oili, kila unapojaza mafuta. Mimi langu nililinunua limeshabadilishwa manifodi na mtu wa kabla yangu, mtu makini aliyetunza risiti zote kwenye faili, na ndiyo sababu nililichukua hilo nikaacha jingine la bei ndogo zaidi.

Kwa upande wa maji, MR2 haikunisumbua ndani. Inaozea chini: fremu ndogo ya nyuma inayobeba miguu ya matairi. Haionekani ukisimama, na haionekani kwenye picha za tangazo.

Na kuliendesha? Tuna barabara hapa jirani, Fosse Way, iliyonyooshwa na Warumi kutoka Exeter hadi Lincoln. Inapita mashambani karibu na Leamington, imenyooka, inapanda na kushuka, halafu inakatika ghafla kwenye njia panda. MR2 kwenye barabara hiyo ilikuwa furaha tupu. Mbele kwepesi, usukani unaitika kabla hujamaliza kufikiri. Ila uzito wote uko nyuma, na barabara ikiwa imelowa, ukiingia kona kwa kasi kisha ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, mkia unatangulia. Gari hili linataka mtu mwenye uamuzi mmoja. Kwa dereva anayebadili mawazo katikati ya kona, achukue Mazda.

Porsche Boxster

Hili ndilo gari linaloharibu hesabu za watu. Boxster za kwanza, zilizoanza mwaka 1996, unaweza kuzipata kwa bei inayokaribiana na MX-5 nzuri. Unaona jina, unaona bei, unaanza kumuuliza mkeo maswali ya kuzungukazunguka.

Porsche ilikuwa na hali mbaya miaka ya mwanzo ya 1990. Ilionesha Boxster kama wazo tu huko Detroit mwaka 1993, watu wakaipenda, na gari lilipokuja kuuzwa likaiokoa kampuni. Mahitaji yalikuwa makubwa hadi nyingine zikaundwa Finland, kiwanda cha Valmet cha Uusikaupunki. Sehemu nzima ya mbele inashirikiana na 911 ya wakati huo. Injini ni ya silinda sita zilizolala, tatu kila upande, lita 2.5 na nguvu za farasi 204 kwenye zile za mwanzo, baadaye 2.7, na 3.2 kwenye ile yenye herufi S. Imekaa nyuma ya mgongo wako, huioni. Kweli huioni: nyuma kuna buti lenye kifuniko cha kujazia oili na kingine cha maji, basi. Kuiona injini kwa juu inabidi usimamishe paa nusu njia na kuondoa vifuniko vyenye kapeti. Mbele kuna buti jingine, refu kwenda chini. Baada ya MR2, mke wangu alizunguka gari akafungua buti la mbele, akafungua la nyuma, akasema hili sasa ni la watu wazima.

Sauti yake siwezi kuiandika. Paa likiwa wazi, kwenye gia ya tatu, kati ya mizunguko 4,000 na 6,000, kila hoja ya kiuchumi uliyokuwa nayo inalegea.

Halafu kuna beringi. Ndani ya injini hiyo kuna shafti ya kati inayopokea mzunguko kutoka kwenye krenki na kuupeleka kwa minyororo kwenye shafti za vali. Mwisho wake mmoja, upande wa klachi, umeshikwa na beringi ya gololi iliyozibwa na grisi yake ndani. Kizibo kikichoka, oili ya injini inaingia, grisi inasafishwa, beringi inakauka na kuchakaa. Ikivunjika, minyororo inapoteza mpangilio, vali na pistoni zinagongana, na injini imekwisha. Si kila injini inafikia huko. Nyingi hazifiki. Lakini beringi za safu moja zilizofungwa kuanzia karibu na mwaka 2000 ndizo zinazotiliwa shaka zaidi, na matokeo yake ni makubwa mno kiasi kwamba kila muuzaji na kila mnunuzi wa Boxster anaongelea beringi kabla ya kuongelea rangi.

Beringi hiyo inafikika tu gia boksi likiwa limeshushwa, kwa hiyo watu huibadilisha pamoja na klachi. Mimi nilifanya hivyo mapema, na bili ilizidi nusu ya bei niliyolinunulia gari. Sikujuta, lakini hapo ndipo nilipoelewa hesabu yake. Bei ya kununua inafuata umri wa gari. Bei ya spea na saa za fundi bado inalitambua kuwa ni Porsche, kama lilivyokuwa jipya dukani.

Maji sasa. Paa ni la umeme: unavuta breki ya mkono, unafyatua kishikizo kimoja katikati, unabonyeza. Zile za hadi mwaka 2002 zina dirisha la nyuma la plastiki, na wakati wa baridi plastiki hiyo hukakamaa. Ukifungua paa bila kuangalia, inajikunja vibaya na kupasuka. Wenyewe wana mtindo wa kusimamisha paa nusu njia, kushuka, kuipiga plastiki kofi la upole katikati ili ijikunje sawasawa, kisha kurudi ndani na kumalizia. Fikiria hilo mbele ya majirani. Mirija ya maji iko pembeni mwa mahali paa linapojificha, na ikiziba maji yanaishia kwenye sakafu, ambako chini ya kiti wameweka kisanduku cha kompyuta ya kengele ya wizi na ufunguo. Kikilowa, gari linakataa kukutambua. Mbele nako, rejeta mbili zimewekwa pembeni ndani ya bampa, na matundu yake yanazoa majani kama yameajiriwa. Nilikuwa nayatoa kwa mashine ya vumbi ya nyumbani kila mwisho wa mwezi wa 11. Jirani mwenye mti alikuwa akinisalimia dirishani.

Z4 ya shemeji, na mengine kwa haraka

BMW Z4 ya kwanza ilianza mwaka 2002 na iliundwa Spartanburg, jimbo la South Carolina. Ya shemeji ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na injini hiyo ni tamu: haina haraka, haina kelele, inavuta tu. Boneti ni ndefu, wewe umekalishwa karibu juu ya tairi za nyuma, unaliongoza gari ukiwa mkiani. Kwa safari ndefu ya barabara kuu nitalichagua hili mbele ya yale matatu yangu. Tairi zake za asili ni zile zinazoweza kutembea bila upepo, ngumu, kila ufa wa lami unaujua. Shemeji aliziondoa akaweka za kawaida na gari likawa jingine.

Lakini waliolichora waliweka mota ya paa chini kabisa, kwenye kishimo pembeni ndani ya sehemu paa linapokunjwa. Mrija wa kishimo ukiziba majani, kishimo kinajaa, mota inazama. Wengi sasa huihamishia kwenye buti, pakavu. Nilimwambia shemeji twende tukasafishe ile mirija siku moja. Akanijibu, "Shemeji, wewe gari hulioni, unaona mabomba tu." Tukaisafisha. Kilichotoka humo sitakielezea.

Mercedes SLK ya mwaka 1996 ililikwepa turubai kabisa kwa kuleta paa la chuma linalojikunja lenyewe kwa sekunde kama 25. Wazo hilo si lao. Miaka ya 1930 Peugeot ilikuwa ikiuza gari la paa la chuma la kukunja, lililobuniwa na Georges Paulin, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa meno. Baadaye akajiunga na upinzani dhidi ya Wanazi, nao wakamuua mwaka 1942. Paa la chuma ni zuri kwa gari linalolala nje, dhidi ya wezi na baridi, ila ukilifungua linakula buti, na mitambo ya haidroliki ikizeeka inavuja. Honda S2000 sijamiliki na sitamiliki. Injini ya lita 2 inayozunguka karibu mara 9,000 kwa dakika bila turbo, kitu cha ajabu, na bei imepanda hadi wanaozinunua wanazifungia ndani. Gari la wazi la kufungiwa ndani sioni maana yake.

Kinachokula pesa

Kila mwaka gari lazima lipite ukaguzi wa MOT, na jambo zuri kuliko yote Uingereza kwa mnunuzi ni kwamba historia ya ukaguzi huo iko wazi mtandaoni. Unaandika namba ya gari, unasoma miaka yote: lilifeli lini, kwa nini, mkaguzi alionya nini. Ukiona neno kutu limeandikwa mwaka huu, na mwaka jana, na mwaka juzi, na muuzaji anasema halina kutu, umeshaokoa nauli. Birmingham, jirani zetu, tangu mwezi wa 6 mwaka 2021 inatoza pauni 8 kwa siku gari lenye moshi usiokidhi viwango kuingia katikati ya mji; kwa petroli kipimo ni Euro 4, kiwango cha moshi cha Ulaya, na magari haya ya miaka ya mwanzo ya 2000 mengine yanapita, mengine hayapiti, hata ya aina moja. Angalia namba kabla hujalipia. Bima haikunitisha, kwa kuwa kampuni nyingi huona gari la pili la mtu mzima linalotembea maili chache ni hatari ndogo.

Petroli, tairi na oili havikutofautiana sana kati ya haya manne. Tofauti kubwa ilikuwa hofu. Mazda nilikuwa nikiiacha popote, naendesha kwenda kazini zamu ya usiku, naegesha kwenye mvua, narudi nyumbani nalala. Boxster nilikuwa nikisikia mlio mpya nazima redio. Ndiyo maana Mazda, iliyo dhaifu kuliko Boxster kwa kila kipimo cha karatasi, niliiendesha zaidi, na ndiyo niliyorudi kuinunua tena, safari hii yenye vizingiti vipya vilivyochomelewa vizuri. Kwa mtu mwenye gereji ya kufungia gari na akiba benki, jibu langu ni Boxster bila kusita. Mimi nina mti wa jirani.

Nyumbani

Mpwa wangu wa Dar amekuwa akiniomba ushauri alete la wazi, maana usukani wetu ni upande mmoja na Uingereza na Japani. Kenya wangemzuia mlangoni: gari lililozidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo haya ya zamani yote yametoka kwenye hesabu. Tanzania haizuii, ila gari kuukuu linaongezewa ushuru kwa ajili ya umri wake, na kile kilichoonekana rahisi Japani kinakuwa si rahisi tena kikifika bandarini.

Nikamwambia pia kuhusu jua. Wazungu wanafungua paa kukiwa na nyuzi 12, hita inapuliza miguuni, kofia kichwani. Mke wangu ameshajifunza: ushungi unafungwa kwa nyuma, vioo vya pembeni vinapandishwa, kile kiwambo cha kuzuia upepo kinawekwa nyuma ya viti, na unaweza kuzungumza bila kupiga kelele. Dar saa saba mchana mwezi wa 2, paa wazi, kwenye foleni ya Ubungo, hiyo si starehe, ni adhabu. Utafungua saa kumi na mbili asubuhi na baada ya magharibi. Na kuna matuta. MX-5 ina nafasi ya sentimita 13 hivi kutoka chini. Matuta ya kwetu hayakuchorwa na mtu aliyewahi kuiona.

Alinisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana kuhusu mirija, akasema atafikiria. Wiki iliyopita amenitumia picha. Amenunua Wish. Injini ile ile ya MR2, viti saba, na ananiuliza kwa nini inakula oili.